Mabomu ya Siku Mbili, Makaburi ya Miaka Mitatu

Tarehe 3 na 4 Juni 1942 ndege za Japani ziliishambulia Dutch Harbor, kituo cha jeshi la Marekani katika Visiwa vya Aleutian, Alaska. Ziliruka kutoka manowari mbili za kubebea ndege, Ryujo na Junyo, zikapenya ukungu, zikalipua matangi ya mafuta, zikapiga kambi za askari na hata hospitali ya wenyeji katika mji jirani wa Unalaska. Waliouawa walikuwa arobaini na kitu, karibu wote askari. Vitabu vingi vya historia hulitengea shambulio hilo aya moja, kisha hukimbilia Midway, kwa kuwa vita vya Midway vilipiganwa siku hizohizo na ndivyo vilivyogeuza mwelekeo wa vita vya Pasifiki.

Aya hiyo moja inakatisha hesabu mapema mno. Kwenye visiwa vile waliishi Waunangan, watu ambao Warusi waliwabandika jina la Waaleuti. Katika vijiji vilivyoguswa na vita hawakufika hata elfu moja. Miaka mitatu baadaye, jamii hiyo ndogo ilikuwa imezika watu wengi kuliko waliouawa na mabomu yote ya Dutch Harbor. Baadhi yao walifia Japani wakiwa mateka. Wengi zaidi walifia Alaska kwenyewe, mikononi mwa serikali yao, katika kambi walizoambiwa ni za kuwaokoa.

Shambulio la kijeshi halimalizikii pale moshi unapotulia. Kwa raia, na hasa kwa jamii ndogo isiyo na mtu wa kuisemea, hapo ndipo linapoanza. Na ukifuatilia maamuzi yaliyofanywa baada ya mabomu, utagundua kwamba kilichoamua nani ahamishwe, nani abaki na nani arudishwe hakikuwa hatari peke yake. Mara nyingi ilikuwa ni faida ambayo mtu alikuwa nayo kwa serikali, na uzito wa sauti yake. Hilo ndilo nitakalolitetea hapa, na ushahidi wake ni mzito.

Tuanze na Attu, kisiwa cha mwisho kabisa upande wa magharibi, karibu zaidi na Urusi kuliko na bara la Alaska. Kulikuwa na kijiji kimoja tu, Chichagof Harbor: nyumba chache za mbao, kanisa la Kiorthodoksi, shule ndogo, na Waunangan wapatao 42. Wanaume walitega mbweha na kuvua. Wanawake walisuka vikapu vya nyasi za ufukweni, kwa nyuzi nyembamba kiasi kwamba kikapu cha Attu ukikishika ni laini kama kitambaa; makumbusho kadhaa duniani bado yanavihifadhi. Wazungu walikuwa wawili: mwalimu Etta Jones na mumewe Charles, aliyekuwa akituma taarifa za hali ya hewa kwa redio. Wote wawili walikuwa wameshapita miaka 60.

Jumapili ya tarehe 7 Juni askari wa Japani walishuka kutoka mlimani wakifyatua risasi. Kijiji hakikuwa na mlinzi hata mmoja. Charles Jones alifia mikononi mwao. Etta alipelekwa Japani na kufungwa pamoja na wauguzi wa Australia waliotekwa Rabaul. Waunangan waliachwa majumbani mwao chini ya ulinzi karibu miezi mitatu, kisha mwezi Septemba wakapakiwa kwenye meli ya mizigo na kupelekwa Otaru, mji wa bandari katika kisiwa cha Hokkaido. Mwanamke mmoja alikufa njiani.

Huko Otaru waliwekwa katika nyumba iliyolindwa na polisi, na wenye nguvu wakapewa kazi ya kuchimba udongo. Watu waliozoea samaki, nyama ya sili na mafuta yake walijikuta wakiishi kwa wali ambao kila mwaka ulizidi kupungua. Kifua kikuu kikawashika mmoja baada ya mwingine. Mike Hodikoff, kiongozi wa kijiji, alikufa baada ya kula chakula alichookota kwenye takataka. Fikiria hilo: mzee wa kijiji, mtu ambaye neno lake ndilo lililokuwa likiamua nani avue wapi, anaishia kupekua jalala la ugenini ili asife njaa. Maiti zilichomwa moto, jambo ambalo Kanisa lao haliliruhusu. Vita vilipokwisha mwaka 1945, karibu nusu yao walikuwa wamekufa.

Japani haikupata faida yoyote kwa kuwashikilia watu hawa. Hawakuwa na siri za kijeshi, na kazi waliyoifanya ingeweza kufanywa na yeyote. Walichukuliwa kwa sababu walikutwa mahali ambapo jeshi lilitaka pawe patupu, na baada ya hapo hakuna ofisi Tokyo iliyojiuliza watakula nini. Ni kweli kwamba kufikia mwaka 1944 na 1945 Wajapani wenyewe walikuwa na njaa. Lakini ukimtoa mtu kwake kwa mtutu wa bunduki, njaa yake ni deni lako, hata kama na wewe huna.

Najua msomaji anaweza kusema kwamba watu 42 ni tone tu kwenye bahari ya damu iliyomwagwa na jeshi hilo. Huko Singapore, mara tu baada ya Waingereza kusalimu amri Februari 1942, wanaume wa jamii ya Kichina walipangwa foleni, wakachujwa, na maelfu yao wakapelekwa ufukweni kuuawa. Huko Manila, Februari na Machi 1945, inakadiriwa raia 100,000 walikufa. Hata mwambao wetu ulionja vita hivyo. Baada ya Japani kupiga Colombo na Trincomalee Aprili 1942, meli za kivita za Waingereza zilirudi nyuma hadi Kilindini. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Walikufa watu wapatao 1,300, mamia yao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Familia nyingi zilipata habari tu kwamba mtoto wao hatarudi, bila kaburi la kwenda kulizuru.

Nimechagua Waunangan kwa sababu kwao tunaweza kuona kitu ambacho kwenye mauaji makubwa hufichwa na wingi wa maiti. Wao walishikwa na pande zote mbili za vita hivyohivyo. Nusu ya habari yao ni adui, nusu ni serikali yao. Na hiyo nusu ya pili inatuhusu zaidi sisi tunaoishi chini ya serikali zinazosema kila siku kwamba zinafanya jambo fulani kwa usalama wetu.

Kabla ya Juni 1942 idara za serikali ya Marekani zilikuwa zimejadiliana kwa miezi kadhaa kama Waunangan waondolewe au la. Jeshi la nchi kavu, jeshi la majini, Wizara ya Mambo ya Ndani na ofisi ya gavana wa Alaska kila mmoja alimtupia mwenzake mpira. Hakuna aliyeamua. Ndipo Attu ikakutwa na watu wake wote ndani. Uamuzi ulipokuja, ulikuja kwa pupa. Tarehe 12 Juni wanamaji wa Marekani waliuchoma moto mji wa Atka, nyumba na kanisa, ili Wajapani wasipate pa kujihifadhi. Wenyeji wengi walikuwa kwenye kambi zao za uvuvi. Waliporudi walikuta majivu. Kwenye visiwa vya Pribilof, yaani St. Paul na St. George, watu walipewa muda mfupi wa kufunga mizigo wanayoweza kubeba, wakaacha kila kitu kingine, wakapakiwa kwenye meli iitwayo Delarof. Hawakuambiwa wanakopelekwa. Aliyewapakia mwenyewe hakujua.

Kwa jumla watu 881 kutoka vijiji tisa waliondolewa.

Huko Unalaska, palepale palipoangukiwa na mabomu, amri ya Julai ilikuwa ya aina yake. Ilimtaka aondoke kila mtu mwenye damu ya Kiunangan kuanzia sehemu moja ya nane na kuendelea. Wazungu waliruhusiwa kubaki. Mume Mzungu alibaki, mkewe Muunangan akapandishwa meli. Nataka msomaji alisome hilo taratibu, kwa sababu ndilo linaloiondoa amri hii kwenye kundi la tahadhari za kawaida za vita. Kama Unalaska haikuwa salama, haikuwa salama kwa mtu yeyote mwenye ngozi ya kupenyeka. Bomu halimuulizi mtu bibi yake alikuwa nani. Ofisa aliyeandika sehemu moja ya nane hakuwa akipima hatari, alikuwa akipanga watu.

Safari iliishia kusini-mashariki mwa Alaska, umbali wa maelfu ya kilomita. Visiwa vya Aleutian havina miti. Mtu anaona bahari na anga kila anapogeuka. Sasa waliteremshwa kwenye misitu mirefu yenye mvua na giza, wengi hawajawahi kuuona mti uliosimama. Watu wa Atka walipelekwa Killisnoo, kwenye kiwanda cha samaki kilichoachwa zamani. Wengine wakaenda Ward Lake karibu na Ketchikan, wengine Burnett Inlet. Kundi kubwa zaidi, watu wa Pribilof, walipelekwa Funter Bay katika kisiwa cha Admiralty. St. Paul walipewa kiwanda kingine cha samaki kilichotelekezwa, na St. George mgodi wa zamani wa dhahabu upande wa pili wa ghuba.

Funter Bay ndiyo kambi iliyoacha maandishi mengi, na yanachoma. Familia zilitenganishwa kwa mablanketi yaliyotundikwa kama mapazia ndani ya mabweni yaliyooza sakafu. Vyoo vilikuwa juu ya maji ya ufukwe, na maji ya kunywa yalikuwa machafu. Mwezi Oktoba 1942 wanawake wa St. Paul waliandika barua ya malalamiko kwa pamoja. Kiingereza chao kilikuwa cha kujikongoja lakini maana haikupotea hata chembe: mahali hapa si pa kiumbe hai kuishi, tunakunywa maji machafu kisha tunaugua, watoto wanapata magonjwa ya ngozi, na hata watu wazima wanaumwa kwa baridi. Wakaomba wahamishiwe mahali pazuri zaidi. Hawakuhamishwa.

Mwaka 1943 mwanasheria mkuu wa Alaska, Henry Roden, alifika Funter Bay akajionea. Alimwandikia gavana kwamba hana lugha ya kuelezea alichokiona, na kwamba hata angekuwa nayo, gavana asingemwamini. Vuli ya mwaka huo daktari aliyetumwa huko, Berneta Block, alieleza kwamba alipoingia kwenye bweni la kwanza harufu ya kinyesi karibu imrudishe mlangoni. Surua, homa ya mafua, nimonia na kifua kikuu vilikuwa vinazunguka kambini kwa zamu. Na huko Ward Lake, viongozi wa Ketchikan walipoona wagonjwa wanaongezeka, baadhi yao hawakudai wapelekewe madaktari. Walidai waondolewe karibu na mji wao.

Takriban mtu mmoja kati ya kila kumi alikufa kabla ya kurudi kwao. Wengi walikuwa wazee na watoto wadogo. Jamii isiyo na maandishi mengi ya kwake ikifiwa na wazee kwa mkupuo inapoteza mengi zaidi ya ndugu: wanaojua nyimbo, majina ya ghuba, namna ya kusoma mawimbi, dua za Kanisa kwa Kiunangan. Hicho hakiingii kwenye hesabu ya tume yoyote.

Sasa niseme jambo ambalo kwangu ndilo linalomaliza ubishi. Mei 1943, wakati vita vya Attu vinapiganwa na Wajapani bado wako Kiska, kisiwa kingine cha Aleutian walichokuwa wamekiteka, wanaume wa Pribilof walirudishwa kwenye visiwa vyao. Si kuishi. Walirudishwa kuwinda sili. Kwa miongo mingi serikali ya Marekani ilikuwa ikiendesha biashara ya ngozi za sili wa Pribilof kwa mikono ya Waunangan, ambao waliishi pale kama watumishi wa serikali kuliko raia, wakitegemea maofisa kwa nyumba, chakula na hata ruhusa ya kusafiri. Wanaume walipositasita kuziacha familia zao kambini wakati maradhi yanatapakaa, waliambiwa kwamba asiyekwenda huenda asiruhusiwe tena kurudi kwao. Wakaenda. Msimu huo walivuna ngozi zaidi ya 117,000, mojawapo ya mavuno makubwa kabisa ya miaka hiyo. Huku nyuma wake na watoto wao walikuwa wanazikana.

Kisiwa ambacho ni hatari mno kwa mama na mtoto kulala, lakini ni salama vya kutosha kwa baba kuchuna ngozi za serikali, hakikuwa kinapimwa kwa kipimo cha hatari. Wapiganapo tembo nyasi huumia, tumefundishwa hivyo tangu shuleni, na mara nyingi watu huitumia methali hiyo kufunga mjadala wa raia vitani, kana kwamba maumivu yao ni bahati mbaya tu ya kukanyagwa. Nyasi za Funter Bay hazikukanyagwa na tembo. Kulikuwa na barua, meli, orodha za majina, bajeti na sahihi.

Na Waunangan hawakuwa peke yao. Jenerali John DeWitt, ambaye kamandi yake ya magharibi ilijumuisha pia Alaska, ndiye aliyesimamia kuondolewa kwa watu wa asili ya Kijapani kwenye pwani ya Pasifiki ya Marekani. Amri ya rais namba 9066, iliyosainiwa na Franklin Roosevelt tarehe 19 Februari 1942, ilifungua mlango, na watu wapatao 120,000 wakapelekwa kwenye kambi za nyika na jangwa kama Manzanar, Tule Lake na Minidoka. Karibu theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Maduka, mashamba na mashua ziliuzwa kwa bei ya kutupa kwa majirani waliojua kwamba muuzaji hana siku za kusubiri.

DeWitt aliandika sentensi ambayo kila mwandishi wa habari angepaswa kuikariri, kwa sababu bado inaishi kwa sura nyingine nyingi. Alidai kwamba kule kutotokea hujuma yoyote mpaka wakati huo ni ishara ya kutia wasiwasi na uthibitisho kwamba itatokea. Ukishafika hapo, mtuhumiwa hana pa kutokea. Akifanya ubaya ana hatia, asipofanya ana hatia zaidi.

Tazama Hawaii. Hapo ndipo Japani ilipopiga kwa kweli, tarehe 7 Desemba 1941, wakafa Wamarekani zaidi ya 2,400. Hapo ndipo walipoishi watu wa asili ya Kijapani wapatao 158,000, zaidi ya theluthi moja ya wakazi wote. Kama hofu ya usalama ndiyo iliyokuwa inaongoza, Hawaii ndiyo ingekuwa ya kwanza kumwaga watu wake makambini. Waliokamatwa hawakufika 2,000. Sababu ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwepo: mashamba ya miwa, bandari na ujenzi wa kambi za jeshi visingeenda bila mikono yao. Walikuwa wengi na walihitajika. Huko California walikuwa wachache, na kulikuwa na wakulima wenzao waliokuwa wakitamani mashamba yao tangu kabla ya vita.

Alaska ilikuwa na watu wa asili ya Kijapani wapatao 200 tu, na wakabebwa nao, wakiwemo watoto wa mama wenyeji wa Alaska ambao hawakuwahi kuiona Japani hata kwenye ramani. Mjini Juneau alikuwepo kijana aitwaye John Tanaka, aliyeongoza darasa lake la kumaliza shule ya sekondari mwaka 1942. Shule ilimfanyia sherehe mapema, mwezi Aprili, ili apate cheti kabla ya kupelekwa Minidoka. Wenzake walipohitimu wakati wake, walimwachia kiti kitupu. Baadaye alijiunga na jeshi la nchi iliyomfunga. Leo pale Juneau kuna kiti cha shaba kwenye bustani kuwakumbuka watu wa asili ya Kijapani waliochukuliwa mjini humo. Wiki chache tu baada ya kijana huyo kuondoka, watu wa Pribilof walishushwa Funter Bay, si mbali na mji huohuo. Mji mmoja mdogo ulishuhudia jamii moja ikipelekwa kambini na nyingine ikiletwa, zote kwa jina la vita vilevile.

Niutendee haki upande wa pili. Tume iliyoundwa na Bunge la Marekani mwaka 1980 kuchunguza mambo haya ilikubali kwamba kuwaondoa Waunangan visiwani kulikuwa tahadhari yenye msingi, na nakubaliana nayo. Yaliyowapata watu wa Attu yanaonyesha kwamba hatari haikuwa ya kubuni. Anayesema wangeachwa tu wakae kwao inabidi anieleze angewaambia nini watoto waliofia Otaru. Tena siwezi kuziweka kambi mbili hizi kwenye mizani moja: huko Otaru alikufa karibu mtu mmoja kati ya wawili, huko Alaska mmoja kati ya kumi. Lakini wapo wanaoitumia tofauti hiyo kuifuta Funter Bay kabisa, kana kwamba ukatili wa adui unatoa msamaha kwa uzembe wa wenyewe. Na wapo wanaofanya kinyume, hasa huko Japani miongoni mwa wasiopenda kusikia habari za vita, wanaotaja kambi za Marekani ili Otaru, Singapore na Manila zisitajwe. Hesabu hizi mbili haziondoani. Kila moja ina mdaiwa wake.

Kosa la Marekani halikuwa kuondoa watu kwenye njia ya vita. Ilikuwa na muda wa kupanga, ikautumia kubishana. Ilikuwa na meli, madaktari na chakula, ikavipeleka kwingine kwa miaka mitatu, na barua za malalamiko zilipofika mezani zikawekwa faili. Na hatari ilipokwisha haikuwarudisha watu. Jeshi la Marekani liliikomboa Attu mwishoni mwa Mei 1943, baada ya mapigano yaliyoua Wamarekani 549 na Wajapani zaidi ya 2,300. Waunangan 25 walikuwa jeshini wakati wa vita, na baadhi yao walipigana pale Attu. Wajapani waliondoka Kiska kimyakimya tarehe 28 Julai mwaka uleule. Kuanzia hapo hapakuwa na adui hata mmoja kwenye visiwa vile. Watu wa Pribilof walirudishwa mwaka 1944, wengine wakangoja hadi Aprili 1945, karibu miezi 21 baada ya Mjapani wa mwisho kuondoka. Waliokufa katika miezi hiyo walikufa kwa ajili ya nini?

Waliporudi walikuta nyumba na makanisa yamevunjwa na kuporwa, na si na Wajapani. Askari wa Marekani waliowekwa visiwani walikuwa wamechukua sanamu takatifu, samani, hata vyombo vya jikoni. Baadhi ya wanakijiji walikuwa wamehama na sanamu zao kutoka kanisani wakizipa kipaumbele kuliko nguo zao, na hizo ndizo zilizopona. Vijiji vya Makushin na Kashega havikurudiwa tena. Watu wa Attu waliopona Otaru walirudi Marekani wakitaka kwenda kwao, serikali ikawakatalia: ni wachache mno, kisiwa kiko mbali mno. Wengi wakapelekwa Atka, kuishi kama wageni kwa watu ambao nao walikuwa wanajenga upya juu ya majivu. Hivyo kijiji ambacho Japani ilikitoa kwa bunduki, Marekani ilikifunga kwa barua.

Mwaka 1983 tume ile ilisema kwamba kufungwa kwa watu wa asili ya Kijapani kulitokana na ubaguzi wa rangi, jazba ya vita na kushindwa kwa viongozi. Tarehe 10 Agosti 1988 Rais Ronald Reagan alisaini sheria ya fidia: dola 20,000 kwa kila Mmarekani wa asili ya Kijapani aliyefungwa, dola 12,000 kwa kila Muunangan aliyehamishwa, pamoja na mfuko wa jamii na fedha za kukarabati makanisa. Waliokuwa hai siku ile ndio waliolipwa. Wanawake wengi walioandika barua ya Oktoba 1942 walikuwa wameshazikwa.

Sikuona popote sababu ya kuridhisha ya tofauti ya dola 8,000 kati ya kambi moja na nyingine. Nachojua ni kwamba Wamarekani wa asili ya Kijapani walikuwa na wabunge na maseneta wao wenyewe Washington, na walipigania sheria ile kwa miaka. Waunangan walikuwa jamii ya watu wachache waliosambaa kwenye visiwa vyenye ukungu. Hata katika kuombwa radhi, sauti ilipimwa kwanza.

Attu nayo ilitengewa kifungu chake ndani ya sheria ile. Sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa imeshatangazwa hifadhi ya nyika, ardhi inayolindwa isikaliwe na watu, kwa hiyo hapakuwa na kijiji cha kurudishiwa mtu. Badala yake zilitengwa hadi dola milioni 15 kwa shirika la Waunangan, kama fidia ya ardhi na mali zilizopotea. Mwaka mmoja kabla ya hapo serikali ya Japani ilikuwa imesimamisha kisiwani mnara wa amani kuwakumbuka waliokufa katika Pasifiki ya Kaskazini. Serikali zote mbili zimeshaweka alama zao pale, na watu wa Chichagof Harbor bado hawana nyumba hata moja juu yake.